VUMBI LA BEIRA NA MAPAFU YA ASKARI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ndugu zetu askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na katika malindo ya mipakani: katika mazungumzo yetu kuhusu nchi jirani, leo tunavuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Hatuendi kuzungumzia vita wala uchaguzi. Tunakwenda kuzungumzia paa.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, 2019, kimbunga kilichopewa jina la Idai kilitua karibu na mji wa Beira, mji wa pwani wenye bandari kubwa ambayo kwa zaidi ya karne moja imekuwa mlango wa bahari wa nchi zisizo na bahari zilizo nyuma yake. Upepo ulivuma usiku kucha. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na kwa siku kadhaa nchi tambarare ya jimbo la Sofala ikawa bahari ndani ya bara, watu wakining'inia mitini na juu ya mapaa wakingoja mitumbwi na helikopta. Katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha, na ukijumlisha na waliofariki Zimbabwe na Malawi hesabu inapita 1,000. Nyumba zaidi ya laki mbili ziliharibika au kubomoka kabisa. Hospitali Kuu ya Beira iliezuliwa sehemu ya paa lake, nayo maelfu ya madarasa yakabaki wazi chini ya mvua.

Habari hizo mlizisikia, na baadhi yenu mlishiriki kwa mikono yenu, maana ndege za Jeshi letu ndizo zilizobeba chakula na dawa kuwapelekea majirani wale watatu. Mlisikia pia habari za kipindupindu, ambacho kilithibitishwa Beira kabla mwezi ule wa Machi haujaisha, na jinsi chanjo ilivyoingizwa haraka hata watu zaidi ya laki nane wakachanjwa. Kipindupindu huua mtu kwa siku mbili tatu, na kwa sababu hiyo dunia nzima hukimbia kukizima. Lakini katika vifusi vya Beira kulikuwa na jambo jingine ambalo haliui kwa siku mbili tatu. Huua baada ya miaka thelathini. Kwa hiyo hakuna aliyekimbia.

Mtu akitembea katika mitaa ya zamani ya Beira, na katika miji mingine mingi ya Msumbiji, huona mapaa ya kijivu yenye mawimbi, manene kuliko bati la kawaida, mengi yakiwa yameota ukungu mweusi kwa umri. Wenyeji huyaita lusalite. Jina hilo ni la kampuni iliyoyatengeneza wakati wa ukoloni wa Kireno, ambayo kiwanda chake kilikuwa Dondo, mwendo mfupi tu kutoka Beira. Bidhaa ilienea mno hata jina la kampuni likawa jina la kitu. Mapaa hayo ni ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Kwa kawaida, katika kila kilo 100 za bati la namna hiyo, kilo 10 mpaka 15 ni asbesto tupu.

Asbesto ni madini. Huchimbwa kama mawe mengine, lakini ukiyaponda hayawi kokoto wala unga. Yanakuwa nyuzi, mfano wa katani. Hayaungui kwa moto, hayaozi, hayaliwi na mchwa, na bei yake ilikuwa ndogo. Wajenzi wa karne iliyopita waliyapenda kwa sababu hizo zote. Waliezekea shule, hospitali, maghala, stesheni za reli, nyumba za watumishi wa serikali na, ndugu zangu, mabweni ya askari. Walitengenezea mabomba ya maji na matangi. Walifunikia mabomba ya mvuke katika viwanda na katika meli. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba hili ni jambo la Wareno na makoloni yao peke yao. Waingereza walifanya vivyo hivyo, Wabelgiji walifanya vivyo hivyo, na serikali huru zilizowafuata ziliendelea kununua kwa sababu hakuna aliyeziambia vinginevyo.

Mimi mwenyewe nililala miaka minne chini ya paa la namna hiyo katika shule moja ya sekondari. Vipande vilivyovunjika tulivitumia kuandikia sakafuni kama chaki. Wengine walivitupa motoni makusudi ili wasikie mlio, kwa sababu bati la asbesto likipata moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Kwetu ulikuwa mchezo. Askari wa zimamoto wanaujua mlio huo, na wala hawauiti mchezo.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa maana kumtisha askari bure ni kosa sawa na kumficha hatari. Paa la asbesto lililo zima, lisilotobolewa wala kukatwa, halimdhuru sana alalaye chini yake, kwa sababu saruji huzishikilia zile nyuzi. Madhara huanza pale linapovunjika, linapokatwa kwa msumeno, linaposagwa na magurudumu ya malori, au linapochakaa hata saruji yake ikalika. Hapo nyuzi huachiliwa. Ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, na zilizo hatari zaidi jicho halizioni. Huelea hewani kwa saa nyingi, na mtu huzivuta bila kukohoa, bila kupiga chafya, bila kuonywa na harufu yoyote. Kimbunga, tetemeko la ardhi na bomu hufanya kwa dakika chache kazi ambayo ingemchukua fundi mzembe miaka mingi.

Vumbi la kawaida mapafu hulitoa kwa kikohozi na makohozi. Nyuzi za asbesto hupenya mpaka ndani kabisa, kwenye vifuko vile vidogo ambamo damu hupokea hewa, na nyingine huvuka mpaka kwenye utando unaoyazunguka mapafu. Zikifika huko hazitoki, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Kwa miaka mingi mwili hupambana nazo, na mapambano hayo ndiyo huzaa maradhi. Mapafu huweza kukakamaa mpaka mtu ashindwe kupanda ngazi mbili. Ugonjwa huo huitwa asbestosi. Huweza kuingia saratani ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari hiyo huzidi maradufu na zaidi. Na iko saratani ya utando wa mapafu, iitwayo mesothelioma, ambayo mara nyingi sana chanzo chake ni asbesto, na ambayo tiba yake hadi leo ni dhaifu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 200,000 hufa duniani kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Elimu hii haikutoka mbali. Ilizaliwa kusini mwa bara letu. Mwaka 1960 watafiti watatu katika Afrika Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo, ambayo kabla ya hapo madaktari wengi hawakuwa wameiona hata mara moja maishani mwao. Karibu wote walikuwa wamegusana na asbesto ya buluu ya upande wa kaskazini wa Cape. Lililowashangaza watu ni kwamba baadhi yao hawakuwa wachimbaji kabisa. Walikuwa tu wamezaliwa au wamekulia karibu na migodi, wakavuta hewa ya hapo walipokuwa watoto, kisha wakahama, wakasahau. Ugonjwa haukusahau. Hata hivyo Afrika Kusini iliendelea kuichimba kwa miaka mingi, na ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2008 tu, karibu nusu karne baada ya watafiti wale kuandika.

Msumbiji nayo ilipiga marufuku mwaka 2010. Lakini sheria ya kukataza kuingiza kitu haishushi kile kilichokwisha kupandishwa juu ya nyumba. Idai ilipofika, ilikuta mapaa yale yale ya zamani, yamechakaa zaidi. Wataalamu wa mazingira waliokwenda Beira baada ya kimbunga waliitaja asbesto miongoni mwa hatari zilizokuwamo katika vifusi. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu hana nafasi ya kusoma taarifa ya wataalamu. Anaokota vipande vilivyo vikubwa, anaviegemeza juu ya vijiti, anaweka mawe juu yake, analaza watoto. Ni nani atakayemlaumu? Januari 2021 kimbunga kingine, Eloise, kikapiga pale pale karibu na Beira, na mapaa yaliyoungwa-ungwa yakaruka tena.

Yuko jirani mwingine katika habari hii ambaye hatuwezi kumpita kimya. Zimbabwe, kutoka migodi ya Shabanie na Mashava, ilikuwa kwa miongo mingi miongoni mwa nchi zilizochimba kwa wingi asbesto nyeupe. Miji ilijengeka kwa migodi hiyo na maelfu ya watu walipata mkate wao hapo. Ndiyo sababu katika mikutano ya kimataifa Zimbabwe imesimama pamoja na nchi zinazopinga asbesto nyeupe isiingizwe katika orodha ya kemikali za hatari za Mkataba wa Rotterdam, ikidai kwamba aina hiyo si mbaya kama ya buluu. Mtu anaweza kuielewa nchi inayotetea riziki ya watu wake. Lakini chombo cha kimataifa cha utafiti wa saratani kilicho chini ya Shirika la Afya Duniani kimesema wazi kwamba aina zote za asbesto, nyeupe ikiwamo, husababisha saratani kwa binadamu. Mapafu hayabishani kuhusu rangi.

Sasa, ndugu askari, mtauliza: hili linatuhusu sisi kwa namna gani? Linawahusu kwa sababu ninyi ndio mnaotangulia. Mwaka 1872 kimbunga kilipoivunja Unguja na kuizamisha merikebu za Sultani, hapakuwa na jeshi la kuokoa. Mwaka 1952 kimbunga kilipoipiga Lindi, hali haikuwa tofauti sana. Siku hizi balaa likitokea, kabla mwenye nyumba hajapata fahamu zake, gari la polisi limekwisha kufika na lori la jeshi liko njiani. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita chini kidogo tu ya mpaka wetu kikaangukia Cabo Delgado, na Mtwara ilikaa katika tahadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016 liliangusha majengo ya shule kongwe za Bukoba. Na Machi 2023 kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi, Tanzania ilipeleka askari na helikopta za Jeshi. Kule vilima vya Blantyre viliporomoka juu ya nyumba za watu maskini, na kifusi kilikuwa zaidi udongo, mawe na matope. Si kila kifusi kina asbesto. Askari anayepelekwa nchi jirani anapaswa kujua atakutana na kifusi cha namna gani, kama vile anavyopaswa kujua kama mto una mamba.

Mfano wa jambo hili kwa watu wavaao sare tumeupata mbali, katika mji wa New York, na tunauleta kwa sababu kule hesabu iliandikwa. Tarehe 11 Septemba, 2001 minara miwili ilipoanguka, polisi wa mji huo 23 walikufa siku hiyo hiyo, na askari wa zimamoto 343. Wenzao waliendelea kuchimbua vifusi kwa miezi, wengi wao wakiwa na vitambaa tu puani au bila kitu chochote, nao waliambiwa na wakubwa kwamba hewa ilikuwa salama. Vumbi lile lilikuwa mchanganyiko wa saruji iliyosagika, kioo, risasi na mengineyo, ikiwamo asbesto iliyokuwa imepulizwa katika ghorofa za chini za mnara mmoja wakati wa ujenzi. Ilipofika Septemba 2023, idara ya zimamoto ilikuwa imewazika kwa maradhi watu wengi sawa na wale 343 wa siku ya kwanza. Polisi waliokufa baadaye kwa maradhi ni wengi mara nyingi kuliko wale 23. Hakuna anayeweza kusema kwamba asbesto peke yake ndiyo iliyowaua, kwa sababu vumbi lilikuwa la sumu nyingi. Na kwa jinsi asbesto inavyochelewa, sehemu yake katika hesabu hiyo yawezekana bado haijafika.

Piga hesabu hiyo hiyo kwa Beira. Askari aliyekuwa na miaka 25 mwaka 2019, akapanga mabati yaliyovunjika kwa mikono mitupu kwa wiki tatu, atakuwa na miaka 55 mwaka 2049. Atakuwa amestaafu, yuko kijijini na mikorosho yake. Siku moja ataona pumzi haimtoshi, na upande mmoja wa kifua unamuuma. Atapewa dawa za kifua kikuu. Zisipomsaidia, jamaa watasema ni uzee, na wengine watasema amerogwa. Nani, katika zahanati ile, atamwuliza kuhusu wiki tatu za miaka thelathini iliyopita?

Basi tuseme yale yanayowezekana kufanywa, na tuyaseme kwa mpango wa kazi yenyewe.

Saa za kwanza ni za kuokoa watu. Palipo na sauti chini ya kifusi hakuna askari atakayesimama kungoja vifaa, na hakuna kamanda mwenye akili atakayemwamuru angoje. Hatari ya asbesto huongezeka kwa wingi wa vumbi na wingi wa siku. Dakika za kumtoa mtoto chini ya ukuta hazilingani na wiki sita za kupakia malori. Lakini uokoaji huisha upesi kuliko watu wanavyodhani, na baada yake huja kazi ndefu ya kusafisha. Ni katika kazi hiyo ndefu, ambayo haina haraka tena, ndipo askari hupata dhara lake, na hulipata kwa mazoea tu, kwa sababu jana walifanya bila kinga na leo wanaendelea vivyo hivyo.

Maji ndiyo silaha ya kwanza, nayo ni rahisi. Bati lililoloweshwa halitoi vumbi. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, ambalo kila mkulima wa korosho analijua, likioshwa vizuri linatosha kabisa kunyunyizia rundo la vifusi kabla halijaguswa. Maji yatiwe sabuni kidogo ili yapenye. Kisha mabati yaondolewe yakiwa mazima kadiri inavyowezekana, yashushwe kwa mkono na si kutupwa chini, yasikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo ili yaenee katika lori. Yasifagiliwe kwa ufagio mkavu. Yafungwe katika nailoni nene mara mbili, yatiwe alama, na yafukiwe kwa kina mahali palipochaguliwa na wataalamu. Yasichomwe, kwa sababu hayaungui. Na yasisagwe kujazia mashimo ya barabara, jambo ambalo mhandisi mwenye haraka huliona ni werevu: hapo hatari ya wiki tatu hugeuzwa kuwa ya daima, na kila gari linalopita hulipuliza upya lile vumbi.

Kuhusu pua na mdomo, kitambaa hakifai kitu. Barakoa ya kawaida tuliyoizoea wakati wa UVIKO nayo haitoshi. Kinachohitajika ni kinyago cha kuchuja vumbi cha daraja la juu, kile chenye alama ya FFP3 au P3, kinachobana uso pande zote. Kwa mwenye ndevu hakibani. Bei yake si kubwa ukiilinganisha na bei ya buti, na hakuna jeshi linalompeleka askari kazini pekupeku.

Liko jambo la sare, na hili nawaomba maofisa walisikilize kwa makini. Katika nchi zilizokuwa na viwanda vya asbesto, wake za wafanyakazi walipatwa na mesothelioma ingawa hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Walichofanya ni kufua nguo za waume zao. Askari anayerudi nyumbani na magwanda yake yenye vumbi, akamkumbatia mtoto wake mlangoni, anapeleka kifusi nyumbani. Magwanda ya kazi ya namna hiyo yavuliwe pale pale kazini, yaloweshwe kabla ya kukunjwa, yafuliwe na kikosi peke yake, na askari aoge kabla ya kupanda gari. Kama hakuna maji ya kutosha kuoga, basi angalau nguo zibaki.

Na ndugu polisi, kwenu kuna kazi moja ambayo si ya koleo. Baada ya balaa, vipande vya mabati hayo huokotwa na kuuzwa, na watoto hucheza juu ya marundo. Mlinzi wa rundo la vifusi anaweza kumfukuza mtu kwa fimbo, na mtu huyo atarudi usiku. Anaweza pia kumweleza, kwa maneno machache, kwa nini kipande kile kitamgharimu. Lakini maelezo bila turubai ni maneno matupu kwa mtu anayenyeshewa, na hapo lawama si ya polisi tena bali ya wale waliopaswa kuleta maturubai.

Wapo majirani ambao hawakungoja upepo. Rwanda, tangu mwaka 2009, imekuwa na mpango wa serikali wa kuondoa mapaa yote ya asbesto nchini, yaliyokadiriwa kufikia zaidi ya mita za mraba milioni 1 na nusu. Yanashushwa na watu waliofundishwa na kufukiwa katika mashimo maalumu, na sehemu kubwa imekwisha kuondolewa. Haikwenda bila manung'uniko, kwani kushusha paa la zamani na kuezeka jipya ni gharama, na mwenye nyumba maskini aliona anatozwa kwa kosa la mkoloni. Tarehe ya mwisho imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Lakini kila paa lililoshushwa siku ya jua tulivu ni paa ambalo tetemeko halitalisaga, na katika nchi ya milima ya moto na mitetemeko hilo si jambo dogo. Kenya nayo iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni zake za mwaka 2006, kisha ikatoa miongozo ya namna ya kuiondoa. Kuitekeleza miongozo hiyo katika kila shule na kila nyumba ya zamani ni kazi ambayo haijaisha.

Kwetu sisi mapaa hayo yapo pia, na baadhi yake yako juu ya vichwa vya wanaotusikiliza sasa hivi. Kamanda wa kambi au mkuu wa kituo hahitaji kungoja bajeti ya kubadili mapaa ili aanze. Anaweza leo kujua ni majengo yapi yana paa hilo, dari hilo au bomba hilo, na kuyaandika. Anaweza kuzuia fundi asitoboe wala kukwangua ukungu kwa brashi ya waya. Siku jengo litakapoanguka, orodha ile itamwambia aanze na maji.

Limebaki la daftari. Kule New York, sheria iliyotiwa saini Januari 2011 iliwapa waliofanya kazi katika vifusi haki ya kutibiwa na kulipwa fidia, na mwaka 2019 muda wa mfuko wa fidia ukaongezwa mpaka mwaka 2090. Lakini kila aliyeomba ilimpasa kwanza athibitishe kwamba alikuwapo. Wengi walihangaika kutafuta mashahidi, picha na hati, ingawa walikuwa wameacha afya yao pale pale. Kwa hiyo kikosi chochote kinachopelekwa kwenye vifusi, nyumbani au kwa jirani, na kiandike jina na namba ya kila askari, mahali alipofanya kazi, tarehe aliyoanza na aliyomaliza, na namna ya kifusi alichokigusa. Nakala moja iwekwe katika jalada lake la utumishi na nyingine apewe mwenyewe akae nayo, kwa maana vikosi huhamishwa, ofisi huhama, na mwaka 2049 karani atakayefungua jalada hilo huenda leo bado hajazaliwa.